Soksi za Sufu na Kaburi la Mama

Mama yangu alizikwa Kitale siku ya Jumamosi. Mimi siku hiyo nilikuwa Dubai, nikishona tundu kwenye kisigino cha soksi ya mtoto wa Kijerumani ambaye, kama bado yu hai, sasa ni mzee wa kutembelea mkongojo.

Soksi ilikuwa ya madam. Alikuwa anakusanya nguo za zamani za watoto wa kwao, na chumba kizima cha villa yake kilijaa: suti za kibaharia zenye kola pana, kaptura za ngozi zilizorithiwa kutoka kaka hadi mdogo wake mpaka zikang'aa makalioni, na soksi. Soksi kuliko vitu vyote. Ndefu, za kahawia, za sufu au pamba nzito, za kufika mapajani. Madam alinieleza kwamba zamani hizo wavulana kwa wasichana walizivaa wakati wa baridi, wavulana wakivaa kaptura juu yake. Hazikuweza kujishikilia. Mtoto alivalishwa kwanza kizibao cha kitambaa chenye vifungo mgongoni, na kwenye kizibao ikaning'inia mikanda ya lastiki ya kuzuia soksi zisiporomoke. Taitsi, zinazofika kiunoni na kujishikilia zenyewe, zilipoingia madukani, vizibao vikatupwa, na watoto wote, hata wavulana, wakahamia kwenye taitsi. Madam mwenyewe alikulia kwenye taitsi. Lakini kilichompagawisha ni hicho alichokikosa.

Mimi nililetwa kulea binti yake wa miaka mitano na kupika. Soksi ziliongezwa tu, kwa sababu mkono wangu ni mwepesi kwenye sindano, na kwa sababu alikuwa anaandaa maonyesho katika ukumbi wa hoteli. Jina la maonyesho, kwa lugha yao, lilimaanisha Utoto Wenye Joto.

Dada yangu aliponipigia simu kunieleza habari ya mama, nilimaliza kumlisha mtoto ndipo nikaenda kwa madam. Alikuwa sakafuni akipanga vizibao.

"Madam, mama yangu amefariki. Naomba niende nyumbani nikamzike."

Aliinuka, akanishika bega. "Pole sana. Pole kweli." Kisha akatazama zile nguo. "Lakini unaona tulipofikia. Nani atamalizia soksi? Baada ya maonyesho utaenda, inshallah."

"Baada ya maonyesho atakuwa ameshazikwa, madam."

"Si utamwona kwenye simu? Watakuonyesha."

Pasipoti yangu ilikuwa kwenye sefu yake. Nikarudi kwenye sindano. Jumamosi ile binamu yangu alinirushia mazishi kwa simu, picha ikakatika wachungaji wakiomba, na iliporudi kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Nilikata uzi kwa meno. Nilijiambia huyu mwanamke nitamlipa, na nitamlipa mahali patakapomuuma.

Mama yake madam aliwasili majuma mawili baadaye kwa ajili ya maonyesho. Aliniambia nimwite Oma, ndivyo Wajerumani wanavyomwita nyanya. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alipenda kukaa nami chumba cha kufulia, mbali na pilikapilika za binti yake. Siku ya pili aliokota soksi moja kwenye taulo, akaigeuza ndani nje, akacheka bila furaha.

"Hii ni yangu. Unajua nilivyoichukia? Inawasha kama upupu. Mama alikuwa ananifunga kizibao asubuhi nyumba ikiwa na barafu madirishani, nami nalia. Kaka yangu alikuwa anazivua nyuma ya ukuta wa kanisa, anaenda shule miguu wazi. Akirudi anachapwa."

"Umemwambia madam?"

"Binti yangu hapendi kusikia. Yeye anapenda picha."

Nilimtazama vizuri yule mzee. Mezani nilikuwa nimeshamwona akimkatiza mkwe wake, mume wa madam, mbele ya wageni kwa sababu alimtolea dereva maneno mabaya. Hakuwa mtu wa kumeza neno. Ningeweza kumwambia habari ya mama yangu saa ile ile, na pengine kesho yake ningekuwa kwenye ndege. Nilinyamaza. Nilimwashia pasi, nikamwekea chai, nikanyamaza hadi siku ya ufunguzi.

Asubuhi ile tulikuwa wawili nyuma ya ukumbi, tukivalisha sanamu za kuonyeshea nguo. Nilikuwa nafunga vifungo vya kizibao nilipoanza kulia, na kilio hicho hakikuwa cha kuigiza, ingawa saa yake niliichagua mwenyewe.

"Nini, mwanangu?"

"Mama yangu alizikwa, Oma. Niliomba kwenda. Madam alisema kwanza soksi."

Hakuniuliza swali la pili. Alikaa juu ya sanduku, mikono magotini, uso umekuwa mwekundu hadi shingoni.

Wageni walijaa. Madam alikuwa amependeza, nywele amezibana juu. Alieleza habari ya suti za kibaharia, akaeleza ya kaptura za ngozi, kisha akamtoa binti yake mbele, amevalishwa kizibao na soksi za sufu, ili watu waone zinavyofungwa. Mtoto alisimama kidogo tu, akaanza kujikuna.

"Mama, inawasha! Nivue!"

Watu wakacheka kwa mapenzi. Madam naye akacheka. Oma akasimama, akaenda hadi mbele, akapiga magoti kwa shida na kumfungulia mjukuu wake mikanda, mmoja baada ya mwingine, ukumbi ukiangalia. Kisha akazungumza kwa Kiingereza chake kibovu, makusudi, ili nami nielewe.

"Hii ilikuwa yangu. Haikuwa na joto. Ilikuwa inawasha, na nilipigwa nikilia. Hiyo ndiyo historia." Akaninyooshea mkono nilikosimama karibu na mlango wa huduma. "Na yule ndiye aliyezishona zote. Mama yake amekufa. Aliomba aende kuzika, binti yangu akamzuia. Kwa soksi."

"Mama, tafadhali," madam alisema.

"Ni kweli au si kweli?"

"Tulikuwa na ratiba..."

Mwanamke mmoja wa mbele aliweka glasi yake chini taratibu, akachukua mkoba, akatoka. Wengine wakafuata, bila fujo, kama watu wanaotoka kanisani ibada ikiwa haijaisha. Nilimtazama madam usoni muda wote. Sikutaka kukosa hata kidogo.

Jioni alinikuta jikoni. Macho yalikuwa yamevimba.

"Wewe ndiye uliyemwambia."

"Ndiyo, madam."

"Kwa nini hukuja kwangu ukaniambia umeumia kiasi hicho?"

"Nilikuja, madam. Ulikuwa sakafuni na vizibao."

Oma alidai pasipoti yangu itolewe, akaninunulia tiketi, akaondoka siku moja nami. Uwanjani alinikumbatia. Nyumbani nilikuta maua ya karatasi yamepauka juu ya kaburi na magugu yameanza kuota pembeni. Niliyang'oa kwa mikono hadi giza likaingia, na hasira haikupungua.

Nilirudi Dubai kwa kafeel mwingine, yaani mdhamini wa kazi. Sasa niko kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nakaa mtaa wa International City na wasichana wenzangu wa Kenya. Mwezi uliopita, nikiwa kwenye basi la kwenda kituo cha metro Rashidiya, madam aliniandikia. Oma ni mgonjwa. Tangu siku ile Oma hapokei simu za binti yake, na mlango alimfungia. Madam aliomba nimsemee, eti mimi Oma ananisikiliza. Aliandika samahani mara nyingi.

Sikujibu. Jumapili baada ya kanisa nilimpigia Oma. Sauti yake ilikuwa imepungua. Tuliongea habari ya goti lake, ya theluji, ya uji aliokuwa akinywa.

"Binti yangu," akasema, "amewahi kukutafuta? Ameniulizia?"

"Hapana, Oma," nikamwambia. "Hajawahi."