Siku Niliyopelekwa Kuangalia Mashamba ya Ufaransa

Habari ya kifo cha baba yangu imenifikia leo alfajiri kutoka Tanga. Sijamaliza hata kujifuta machozi, mjomba kapiga simu kutoka Woodbridge, huku huku ughaibuni tunakoishi, kutoa amri: binti yangu asiambiwe kwanza. Ana miaka tisa, anampenda mno babu yake, mwacheni amalize wikiendi yake. Mume wangu naye keshatafuta tiketi za treni ya watalii, ile inayopanda milimani watu wakaangalie majani yaliyobadilika rangi. Eti mtoto achangamke. Ndugu yangu, niliposikia treni, damu ilinichemka palepale jikoni kwangu, hapa Laurel.

Nilikuwa na umri kama wa binti yangu tulipokuwa tukiishi Paris. Baba alikuwa dereva wa ubalozini, na mama alikuwa amerudi Tanga kujifungua. Asubuhi moja ya kiangazi baba aliniamsha, akaniambia leo haendi kazini, tunakwenda matembezi. Tulifuatana na jirani yetu, mke wa mpishi wa ubalozi, aliyebeba kapu la kababu na vitumbua na chupa kubwa ya chai. Stesheni walikuja wanaume wanne wa ubalozini kumshika baba mkono, mmoja baada ya mwingine, bila utani wao wa kila siku. Mimi nikaona fahari. Nikadhani ndivyo watu wanavyoagwa wakienda matembezi.

Na nchi ile ni nzuri, sikufichi. Ngano ilikuwa imeshavunwa, nyasi zimeviringishwa marobota makubwa yamelala shambani. Ng'ombe weupe walijilaza kando ya mto, na alizeti ekari kwa ekari, vichwa vimeinama kwa uzito. Kila tukiingia kwenye handaki napiga kelele, tukitoka nacheka. Baba alininunulia mapichi, nikala mpaka maji yakanitiririka viwikoni, na jirani, ambaye siku nyingine angenikaripia, alinifuta tu kwa kanga yake. Kila nilichotaka nilipewa.

Mbele yetu alikaa bibi mmoja wa Kifaransa. Akaniuliza mama yuko wapi. Nikamweleza kwa mbwembwe kwamba mama anakuja na mtoto mchanga, na kitanda chake nimekwisha kukichagulia mahali, karibu na dirisha. Baba alisikia. Kifaransa alikijua kuliko mimi. Akageukia dirishani, akaninyooshea kidole nione ng'ombe.

Mama alikuwa amezikwa jana yake, yeye na mtoto wake.

Ubalozi mzima ulijua. Jirani alijua, kile chakula chenyewe kilikuwa cha msiba. Hawakuniambia siku ile wala wiki ile. Nilijua baadaye, tuliposafiri tukafika Tanga, nilipoingia ndani mbio nikimwita mama, na wanawake waliokaa mkekani wakaangua kilio. Ndivyo tulivyo sisi. Mtu ahadaiwe njia nzima, akaukute msiba mlangoni. Halafu wanaita huruma! Huruma gani ya kumwacha mtoto apige soga juu ya mama aliyekwisha fukiwa? Nina hasira nayo mpaka leo, na wala sioni haya kusema. Mama kanitoka, hilo ni la Mungu. Lakini ile siku ya treni, siku nzuri kuliko zote za utoto wangu, waliiharibu wao kwa mikono yao. Nikikumbuka alizeti najisikia kicheko changu, nataka kujiziba masikio. Jirani alishafariki zamani. Baba sikuwahi kumuuliza alivyoweza, kila mwaka nikisema nitamuuliza nikienda likizo, na sasa naye kaondoka na jibu lake. Katika sisi watatu wa lile behewa nimebaki peke yangu.

Basi saa sita mchana nikamwambia mume wangu tiketi zake azirudishe. Nikampigia mjomba, akaniambia mimi nina kichwa kigumu tangu utotoni, nikamwambia ndiyo, na nyie ndio mlionifanya hivyo. Nikamwita binti yangu chumbani, nikamkalisha kitandani, nikamwambia wazi kwamba babu amefariki. Alilia sana, nami nimemkumbatia. Moyoni nilijiona shujaa, mtu wa kwanza katika ukoo wetu kumwambia mtoto ukweli.

Huyu mtoto Kiswahili anakisikia tu, kujibu hujibu kwa Kiingereza. Leo aliuliza kwa Kiswahili, polepole.

"Wameshamzika?"

Nikamwambia wameshamzika, asubuhi ya huku.

"Wewe ulimwona?"

Nilimwona. Ndugu walinionyesha kwa simu, nikajifungia ndani ya gari nje pale, nikaangalia mpaka udongo wa mwisho.

Akajitoa mikononi mwangu.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa mezani," nikasema. "Ulikuwa unakula chapati, unacheka na baba yako."