Mtu wa Ndani ya Pipa

Wakati wa vita vya hapa Kongo, chuo kilipofungwa tena, nilirudi kijijini Vulamba kwa babu. Alikuwa na nyimbo za Kiingereza alizofundishwa na askari Waingereza huko Burma, zamani katika Vita vya Pili vya Dunia, alipokuwa muuguzi wa jeshi pamoja na Wakongo wengine. Zilikuwa nyimbo za kuchekesha za jukwaani, kila moja na kiitikio cha kupokewa na watazamaji wote. Mimi siamini kitu upesi. Nilimhoji siku tatu juu ya Burma, sikupata kosa, basi nikachukua gitaa.

Babu alitaka jambo moja kabla sauti haijamwisha: ukumbi mzima umcheke. "Ku arusi banapiga makofi tu," alilalamika, "sawa vile kwa mugonjwa mwenye kupona."

Tukaomba ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa, ili watu warudi nyumbani kabla askari hawajafunga njia. Nilitafsiri wimbo wa mwanamume aliyejificha ndani ya pipa kwa kumwogopa mama mkwe wake. Kiitikio babu alikataa kisiguswe, kibaki Kiingereza.

Alipanda jukwaani na tai na kofia nyeusi. Kwa bahati mbaya, wamama wa kwaya walikuwa wamekaa mbele. Beti ziliwapita haraka; kiitikio cha Kiingereza kilipofika mara ya pili, walikipokea kama wimbo wa kanisa, wakasimama. Nyuma yao wanaume wakavua kofia. Ukumbi wote ukaimba kwa sauti nne, polepole, macho yamefumbwa, na besi nzito kama ya Pasaka.

Kwa kweli ilipendeza sana. Lakini uso wa babu ulikuwa umeanguka. Akanipa ishara ninyamazishe gitaa.

"Bamama, mukae," alisema. "Huyu mutu hapana kwenda mbinguni. Eko mu pipa."

Watu walitazamana.

"Pipa ya nini, papa?" aliuliza mama mmoja wa kwaya.

"Ya pombe ya ndizi. Na mama mukwe amekaa juu ya mufuniko, anauliza kama imeiva."

Yule mama alikaa kwa kishindo, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitetemeka. "Lakini papa, sasa kwa nini hukusema mbele ya kuanza?" Kicheko kikaenda mpaka mlangoni, ambapo askari wawili walikuwa wamesimama kuchungulia.

Ukumbi ukaanza upya. Sauti zilibaki nne, hawakujua kuimba vingine, ila sasa wenye besi walikuwa mtu wa ndani ya pipa na walipiga viti kwa ngumi wakiomba kufunguliwa. Padri akaja kudai ukumbi wake kwa ajili ya makatekista.

"Padri, kaa," babu alimwambia bila kumtazama. "Besi banakosa mutu."

Padri akakaa.