Viti Alivyokalia Mgeni

Mama Vifungo ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, mwaka wa kumi na moja sasa. Jina hilo alipewa na mafundi cherehani wa mtaani kwetu. Wao hushona mashati, yeye huyamalizia: hutoboa matundu, hushonea vifungo, hukunja mapindo, hupiga pasi. Chumba chake ni kimoja. Kina kitanda, meza ya pasi na benchi fupi linalojaa mashati ya watu. Ukitaka kukaa, mashati yahamie kitandani.

Binti yake alipopata nafasi chuoni kusomea ufamasia, alikuja kwangu na barua mkononi, hacheki wala halii.

"Mama mdogo, nafasi ninayo. Ada ndiyo sina."

Kwa kuwa niliwahi kupita chuo, walidhani njia nazijua. Tulitafuta ufadhili Jumamosi tano mfululizo. Mmoja ulitaka yatima. Mwingine ulikuwa umefungwa tangu mwaka juzi, tangazo lake likaachwa mtandaoni kutesa watu.

"Huu unataka mwanariadha," binti alisoma siku moja.

"Andika," mama yake alisema, uzi menoni. "Hawajakuona ukiitwa kuosha vyombo, unavyotimua mbio."

Hatimaye tukapata unaomfaa: wanafunzi wa sayansi kutoka familia zisizojiweza. Tulijaza fomu, tukajibiwa kwamba mtu atakuja kuiona nyumba.

Hapo ndipo tulipokosea, na nasema sisi kwa sababu viti vilikuwa vyangu.

"Mgeni wa ofisini akae juu ya mashati ya watu?" Mama Vifungo aliniuliza. "Nitaificha wapi sura yangu?"

Sikuona ubaya. Tulihamisha viti vyangu viwili vya sofa, zulia, hata televisheni. Kitanda tulikizibia kwa pazia langu zito, ungedhani nyuma yake kuna chumba kingine. Mama Vifungo alivifuta vile viti mara tatu.

Mgeni alikuwa bwana mpole mwenye miwani. Alikaa, akashukuru, akauliza maisha yanaendaje. Binti alifungua mdomo. Mama yake akamwahi.

"Hatulalamiki, baba. Tunatosheka."

Baada ya wiki mbili barua ikaja: familia haikuonekana kuwa na uhitaji.

Binti hakumlaumu mtu. Aliikunja barua, akaketi kupanga vifungo kwa rangi, kazi aliyoifanya tangu akiwa mdogo. Nadhani angepiga kelele, mama yake angepata nafuu. Siku tatu sikuisikia sauti ya Mama Vifungo ukutani. Siku ya nne alisimama mlangoni kwangu, amevaa gauni lake la kutokea.

"Nisindikize ofisini kwao," alisema. "Nikitaka kugeuka njiani, nishike mkono."

Hakugeuka. Alisimama mbele ya meza ya yule bwana, mkoba kifuani.

"Baba, viti ulivyokalia si vyangu. Ni vya huyu dada hapa. Zulia lake, televisheni yake. Nyuma ya pazia ni kitanda tunacholala wawili."

Bwana alivua miwani. "Sasa kwa nini, mama?"

"Si ulikuwa mgeni?"

Aliivaa tena miwani, akalifungua faili letu. Nami niliangalia sakafu, maana ningekuwa nimefikiri kidogo tu, mwanamke huyu asingesimama pale.

"Rufaa zinapokelewa mpaka Ijumaa," bwana alisema. "Kesho nakuja. Tafadhali, mama, usipange kitu."

Kesho yake benchi lilijaa mashati kama kawaida. Mama Vifungo aliyaangalia, mikono ikimwasha, lakini hakuyagusa. Bwana aliyahamishia kitandani mwenyewe, moja moja, akakaa. Aliletewa maji. Aliinua glasi, akaitazama.

"Na hii nayo ya jirani?"

"Hiyo yangu!" Mama Vifungo alisema kwa nguvu, kisha akacheka, na binti akacheka, na mgeni akaanza kuandika.

Barua ya pili binti aliisoma kwa sauti mara mbili. Mama yake aliomba mara ya tatu, kisha akarudi kwenye matundu yake, maana fundi alikuwa anasubiri. Ada imelipwa, binti yuko chuoni tangu mwezi uliopita.

Viti vyangu vilirudi siku ileile ya kwanza, mgeni alipoondoka tu. Kabla ya kunikabidhi, Mama Vifungo alivifuta tena.