Sumaku ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na hata kivuli chake hakiamini. Mshukiwa wake wa kwanza ni mimi: tangu niolewe na mwanawe hajagusa chakula changu. Anakula vya kiwandani tu: soseji, biskuti na soda. "Cha kwenye paketi hakina mkono wa mtu," husema.

Mwaka huu nguvu zikamwishia. Akikanyaga cherehani kidogo tu, anahema. Hospitalini wakamwambia damu imepungua, wakampa vidonge vya madini ya chuma. Nyumbani akavimwaga mezani, akavipitishia sumaku anayookotea pini. Hakikunasa hata kimoja.

"Feki!" akafoka. "Nani kamhonga daktari?" Akanitazama mimi.

Tukarudi hospitalini, sumaku mkononi. Daktari alijikaza asicheke, akampima upya, akamuuliza anakula nini.

"Mama, vidonge ni halali; chuma cha dawa hakinaswi na sumaku. Na mwilini mwako chuma kimo. Ila kwa hivyo vya paketi kila siku, huenda mwili umekuwa kama wenye kidonda cha ndani kisichopona, na mwili wa hivyo hufungia chuma ghalani, damu ikakikosa. Nyumbani hamna maharage na mboga?"

"Vipo kila siku!" nikadakia.

Jioni nikamwekea sahani. Akaikodolea macho, kisha akanisukumia. "Onja wewe kwanza."

Nikaonja. Nikaonja tena. Nilipofika nusu ya sahani, akaninyang'anya kijiko.

"We mtoto, utanimalizia chakula changu!"