Upande wa Ndani wa Saiprasi

Nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini fensi najua. Kule shambani, kabla kijana wangu hajanileta kuishi kwake mjini, Elgon View, fensi yangu ya kayaba ng'ombe hapiti, mbwa hapiti, hata macho ya jirani hayapiti. Siri ilikuwa panga. Kila mwaka kabla ya mvua naikata bila huruma, inabaki visiki, watu wanapita wakisema huyu mama amechizi. Mvua ikinyesha wiki mbili, kayaba inarudi na miiba mipya, imefungana kushinda zamani. Hivyo ndivyo nilivyojua miti, na hakuna mti uliowahi kunibishia.

Hapa kwa kijana wangu fensi ni ya saiprasi. Mke wake aliipanda mwenyewe nyumba ikiwa bado msingi. Mimi nilichoona ni kwamba imenenepa. Imeingia mpaka kwa kamba ya nguo, shuka zikikauka zinatoka na vijiti. Basi siku moja mke wa kijana, ambaye ni mwalimu, ameenda shule, na kijana yuko safari ya kazi, nikachukua panga. Nikakata upande wetu wa ndani kutoka getini mpaka kwa tangi, nikaingia hadi kwa matawi ya kahawia. Juu sikufika, na upande wa barabara sikugusa. Nikafagia, nikaketi na chai yangu, najisifu.

Aliporudi alisimama getini, mkoba begani. Akaangalia.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Umeona kazi?"

"Nimeona, mama."

Akaingia ndani.

Hapo ndipo kichwa changu kilianza kuzunguka. Kwetu mke wa kijana hamfokei mama mkwe, hiyo najua, hata mimi nilimezea wangu mengi mpaka nikavimba. Lakini huyu hata hakununa. Chai aliniletea, sukari kama ninavyopenda. Ila kiti chake, kile anachokalia jioni akisahihisha vitabu vya wanafunzi huku akiangalia fensi, alikigeuza kikaangalia ukuta wa jikoni. Ukuta! Ukuta una nini cha kuangalia?

Nikangoja mvua. Ikaja ya kweli, na mawe. Kayaba ingekuwa imefura. Saiprasi, hakuna. Nikaweka samadi. Kila asubuhi nainama kutafuta hata tone la kijani, sioni. Halafu natoka nje ya geti, naona upande wa barabara ni kijani, imesimama kama askari kwa gwaride. Mama wa nyumba ya pili akaniambia, "Shosho, fensi yenu imependeza, nani huikata?" Nikarudi ndani ya geti. Mti mmoja, mzizi mmoja, nje uko hai, ndani ni mifupa. Umekufa ama haujafa?

Nikaenda mpaka Cheptiret kwa mzee anayeuza miche kando ya barabara, nikamwonyesha tawi.

"Mama, ulikata mpaka kwa kahawia?"

"Nilikata vizuri."

Akacheka mpaka kofia ikateleza. "Kayaba inachipuka hata kwa kisiki. Saiprasi inachipuka pale penye kijani peke yake. Hiyo unakata ncha tu, kidogo kidogo, kila mara."

"Sasa itarudi lini?"

"Hairudi, mama."

"Hata na samadi?"

"Hata ukiiombea."

Nikamwambia hajui kazi yake. Njiani nikirudi nikajua anaijua.

Jioni nikasimama mbele ya kile kiti, amekikalia akisahihisha vitabu. Sijawahi kumwomba mke wa kijana msamaha, sijui hata maneno yake yanaanzia wapi. Nikasema tu, "Ile miti haitarudi. Nimeiua upande huu."

Kalamu yake nyekundu ikasimama. Akaniambia miche ile aliitoa kwa mama yake mzazi, wakaibeba wote wawili kwa ndoo, na mwaka huo huo mama yake akafariki.

"Nikiketi hapa nilikuwa naona ni kama yuko," akasema.

"Ungenigombeza!"

"Ningeanzaje, mama?"

Nilikuwa nimefikiri ni mimi peke yangu nisiyejua pa kuanzia.

Wiki iliyofuata nilienda shambani nikaleta sinendet, ule mmea wa kutambaa, kijani mwaka mzima, tunaomvisha mtu shingoni akishinda mbio au akimaliza masomo. Nikaupanda chini ya ile mifupa ili uipande. Sijui kama nilifanya sawa. Huo ni mmea wa furaha, na mimi naupanda kwa makosa yangu. Mke wa kijana alitoka na ndoo ya maji, akamwagia shina moja baada ya lingine, hakuruka hata moja.

"Hii ikikua inakatwa namna gani?" nikamuuliza. Mimi, wa kayaba!

"Haikatwi, mama." Akajipangusa mikono. "Na panga iko wapi?"

"Iko stoo."

"Kesho naenda nayo shule."

Sikujua kama anatania. Mpaka leo panga siioni. Lakini kiti amekigeuza tena, ila si kabisa. Hakiangalii ukuta, hakiangalii fensi. Kinaangalia katikati, kwa kamba ya nguo, na mimi kila asubuhi nikianika napima sinendet imefika wapi.