Chiriku akinyamaza, saluni nzima huinuka

Asubuhi na mapema mlango wa saluni uko nusu wazi, na sauti inakupokea nje kabla hujamwona mwenyewe. Msusi amesimama nyuma ya mteja, vidole vinakimbia kichwani, mdomo nao haupumziki. Anasimulia kisa cha mjomba wake aliyenunua jogoo wa kumwamsha alfajiri, kumbe jogoo mwenyewe ana usingizi kuliko yeye.

"Sasa hivi mjomba ndiye anamwamsha jogoo!" anasema, na saluni nzima inaangua kicheko.

Wanamwita Chiriku kwa kuwa hajui kunyamaza. Mgeni akimwona anadhani huyu dada hana shida yoyote duniani. Haoni soksi nzito alizovaa kwenye joto hili, wala hajiulizi kwa nini kila baada ya mistari michache anaacha kusuka na kupiga funda la maji.

Chiriku alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Pale zinapokwama, ndipo panapowaka. Baridi huamsha maumivu, na uchovu pia. Mara nyingine hayangoji sababu.

"Watu huniuliza yakoje," anasema. "Nawaambia, weka kidole kwenye mlango, ufunge kwa nguvu. Halafu usiufungue."

Hata siku nzuri hayaondoki yote. Hukaa kwenye nyonga, anasema, kama mgeni aliyeaga lakini bado ameketi.

Alianza kazi hii baada ya kuacha shule, kwa kuwa kila alipopona alikuta wenzake wamefika mbali. Saluni ya kwanza ilimfukuza. Mwenye saluni alimwambia mbele ya wateja kwamba hawezi kumlisha mtu anayeumwa kwa zamu.

"Nilipokuja hapa nikaapa simwambii mtu," anakumbuka. "Nikiumwa, nauma meno, nasuka."

Siri hiyo haikudumu. Aliyeing'amua ni msusi wa kiti cha pili, ambaye wote humwita Mama Pacha kwa ajili ya mapacha wake watundu.

"Nilishazoea kelele zake," anasema Mama Pacha. "Siku moja nikaona kumekuwa kimya. Kugeuka, namwona anasuka, mistari imenyooka kama kawaida, lakini machozi yanamdondoka mpaka kwenye mabega ya mteja. Nikamwambia, mwenzangu, hiyo si kazi, hayo ni mateso. Kaa chini."

Tangu hapo wenzake hawahitaji kuambiwa. Chiriku akikata hadithi katikati, Mama Pacha anazima feni na kuendelea na kichwa cha mteja. Anayepaka rangi za kucha, dada mmoja mrefu ambaye jina lake la utani ni hilohilo, Mrefu, anachemsha maji na kuyatia kwenye mpira wa kukandia miguu.

Hospitali nayo hawamwachi aende peke yake. Aliwahi kwenda mwenyewe, akaambiwa na muuguzi wa zamu kwamba anatafuta sindano tu, mbona uso wake si wa mtu anayeumwa. Alirudi nyumbani, akapanda ngazi akitambaa. Siku hizi Mama Pacha ndiye msemaji.

"Mimi sina aibu," anasema Mama Pacha. "Nasimama mlangoni kwa daktari mpaka anisikie."

Lakini siku wanayoisimulia zaidi ni ile ya bi harusi.

Alikuja na shangazi yake, harusi ikiwa mchana uleule. Alitaka mtindo wa Chiriku mwenyewe: mistari inayozunguka kichwa kama maji yanavyozunguka kwenye karai, ikikutana utosini. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari pale Chiriku alipofika katikati ya kisa na kunyamaza. Akaporomoka sakafuni.

Walimlaza kwenye benchi, wakampa dawa na maji. Fundi viatu wa jirani akakimbia kutafuta gari. Mama Pacha akashika kitana.

Shangazi akasimama. "Hapana! Tumekuja kwa mikono ya yule."

"Shangazi, mikono ya yule imelala pale," Mama Pacha akajibu. "Na mtindo ule siujui, sikufichi."

Kisha sauti ikatoka kwenye benchi, nyembamba, imekatikakatika.

"Anzia nyuma ya sikio... Chukua nywele kidogo. Usivute. Sasa pinda, kama unamfuata mtu kwenye kona."

Mama Pacha akasuka upande wa kulia. Mrefu, ambaye maisha yake yote ni kucha, akachukua wa kushoto. Chiriku alifumba macho, jasho likimtiririka, akielekeza mstari baada ya mstari kwenye kichwa asichokiona. Maumivu yakipanda, anakaa kimya, na mikono yote inamsubiri. Yakishuka kidogo, anaendelea palepale alipoachia.

"Nimehudhuria harusi nyingi," anasema shangazi, ambaye sasa ni mteja wa kudumu. "Lakini kitu kama kile sijakiona. Nilijikuta nimepiga magoti namkanda miguu mtu niliyekuwa nimemfokea."

Gari lilipofika, mistari ilikuwa imekutana utosini. Chiriku aliomba ainuliwe aione. Akaitazama kwa muda.

"Huo wa tatu umepinda," akasema, ndipo akakubali kubebwa.

Alilazwa zaidi ya wiki. Na huko wodini, kitanda cha pili, alimkuta binti mwenye ugonjwa kama wake, amelala siku nyingi mpaka nywele zimeshikamana kama sufu. Mkono mmoja wa Chiriku ulikuwa na dripu. Kwa ule mwingine akaanza kuzichambua taratibu, huku akimpigia yule binti stori za mjini. Binti alicheka, akasinzia kichwa kikiwa bado mikononi mwake.

Hapo ndipo mpango ulipozaliwa. Kila mwezi, siku moja ambayo saluni imefungwa, wasusi hawa watakwenda wodini na vitana na mafuta. Muuguzi mkuu ameshakubali. Kinachongojwa ni Chiriku apate nguvu za kusimama siku nzima.

"Ukiumwa, kila mtu anakuuliza unaumwa wapi," anasema. "Nataka wale wa wodini waulizwe pia, leo tukusuke vipi?"

"Na kucha je?" Mrefu anadakia kutoka kwenye meza yake.

Chiriku anageuka, kitana mkononi, uso umejaa tabasamu.

"Wewe beba rangi zote."