Nilibisha Mlango wa Kwanza Tu

Ndama watano wa dada yangu waliuawa na karatasi niliyoiandika mimi, na naomba mtu yeyote asinipe pole. Nilishapewa pole moja, inanitosha.

Dada yangu anakaa Ngulyati. Mumewe alipofariki, shemeji zake walisubiri matanga yaishe, wakaswaga ng'ombe wote wakubwa, wakamwachia ndama ambao bado walikuwa wananyonya. "Hawa lea mwenyewe, si una kaka mtaalamu?" walimwambia huku wanacheka. Washenzi wale! Huyo kaka mtaalamu ni afisa mifugo mwenye kiofisi Bariadi, kompyuta moja inayozimika yenyewe, na mdomo mrefu. Ndama walikuwa watano, wanne wa kike. Wakipona, dada atakuwa na zizi lake mwenyewe na hatampigia mtu magoti. Wakifa, atarudi kwa shemeji zake kuomba hata kipande cha kulima.

Kiangazi kilikuwa kikali na majani yalikwisha mapema. Akanipigia simu kuuliza kama anaweza kuwapa ndama mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua mafuta. Huku kwetu mashudu hayakosekani, yanatoka Maswa kwa magunia. Bahati nzuri, au mbaya, siku zile zile ofisi yangu ilitakiwa kutoa mwongozo wa malisho ya kiangazi. Nikamwambia atulie, nitampelekea mwongozo wenyewe umechapwa, una muhuri.

Ofisini tulikuwa na mama mmoja mtafiti, rika langu, Mgogo aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma. Mimi ni Msukuma, kwa hiyo mtani wangu kabisa. Siku ya kwanza aliingia akanikuta natafuna michembe. "Ngosha, ng'ombe wote hao halafu mnakula viazi vilivyokauka?" Wagogo tunawatania kuwa ni ombaomba, nikamjibu asogee mlangoni, hapa hatutoi sadaka. Tukacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo hakuniita kwa cheo. Nilikuwa Ngosha, yaani mwanaume kwa Kisukuma, basi, hata mbele ya wageni.

Mwongozo ulitakiwa Jumatano. Jumanne asubuhi nikafungua injini ya kutafutia mtandaoni, ile ile ninayoitumia kwa matokeo ya mpira, nikaandika swali langu, na jibu la kwanza likaja na picha ya dume limenona hadi linang'aa. Ukurasa ukasema mashudu ya pamba yanafaa kwa ng'ombe wa umri wote. Nikanakili. Chai yangu ilikuwa haijapoa.

Mtani alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ngosha, hilo la juu ni tangazo. Tazama pembeni, kuna kineno kidogo, limelipiwa. Anayeuza chakula atakuambia kinaua?" Akavuta kiti. Akanieleza kwamba kuna injini za kutafutia hoteli na bei za simu, na kuna zinazotafuta makala za watafiti peke yake, na kazi kama hii unatafuta kwenye tatu, unalinganisha, unaangalia nani kaandika, ng'ombe ni wa wapi, mbegu zao zimepikwa kiwandani au zimekamuliwa tu kama zetu. Yeye alishatafuta. Alikuwa amepata muhtasari unaosema mbegu ya pamba ina sumu ambayo tumbo la ng'ombe mkubwa linaimudu, la ndama haliimudu. "Makala nzima nimemwomba mwandishi. Nipe siku mbili."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ubaya wangu ulipo. Nilijua anasema kweli. Nilijua pale pale. Lakini kesho yake kulikuwa na kikao, mwongozo ulikuwa na jina langu juu, na wenzetu wawili walikuwa wameweka kazi kando wanatusikiliza. Nikageuka na kiti.

"Mtani, wewe umezoea kuzunguka mlango kwa mlango na kibakuli. Injini tatu! Mimi nikibisha mlango wa kwanza nafunguliwa."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Naye akacheka, maana ndiyo sheria ya utani. Ningeishia hapo ungekuwa utani. Sikuishia. Nikafuta jina lake, lililokuwa chini ya langu kwenye mwongozo, yeye anaona. Nikafuta mstari aliokuwa ameshauandika humo kuhusu ndama. Nikasema kwa kuwa mtani ni bingwa wa kuzunguka, basi karatasi hizi atazunguka nazo yeye, zikichapwa tu, aanzie Ngulyati kwa dada yangu. Safari hii hakucheka mtu. Utani hauna cheo, na mimi nilikuwa nimeutilia cheo. Alhamisi akazichukua zile karatasi akatoka.

Wiki ya sita dada akapiga simu. Ndama mmoja amelala chini, anahema ulimi nje. Nilipofika alikuwa ameshakufa na wa pili anayumba. Siku nne, wote watano. Niliwachoma sindano nilizokuwa nazo, nikijua hazitasaidia kitu. Jirani akauliza kama nyama inalika. Nikamfukuza kwa matusi ya Kisukuma ambayo sikujua kama bado nayakumbuka.

Dada hakulia. Alikuwa anafagia zizi, sijui kwa ajili ya nani.

"Yule mtani wako alipoleta karatasi," akasema, "aliniambia, dada, ndama usiwape kwanza, subiri. Nikamwambia kaka yangu amesoma, wewe ni mtani tu, unamchokoza."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Dada yangu alisikia la mkuu. Mwezi uliofuata alienda kwa shemeji zake akaomba kipande cha kulima, na walimpa chenye mawe. Nasikia walimuuliza habari za kaka mtaalamu.

Nilirudi ofisini nikimsubiri mtani wangu. Anayejua utani anajua nilichokuwa nangoja. Kwenye msiba mtani ndiye anayekuja kukuvuruga, anamwiga marehemu, anakuita muuaji mbele za watu, anakaa juu ya mkeka wako hadi ucheke na kamasi zako. Njia nyingine ya kutua mzigo ule sikuiona. Usiku kucha nilikuwa nimemtungia maneno yake: Ngosha, wenzako wanachinja kwa kisu, wewe unachinja kwa karatasi. Nilitaka anitukane. Jamani, nilitaka sana.

Nilipoingia akasimama. Hakuwahi kusimama kwa ajili yangu.

"Pole sana kwa msiba wa mifugo, mkuu."

Nikajilazimisha kutabasamu. Nikamwambia, "Mtani, leo huna neno?"

"Hapana, mkuu. Ile makala iko kwenye faili lako. Niliiweka siku ya pili, kama nilivyokuahidi."

Nikafungua faili. Ilikuwepo, kurasa kumi na moja, sehemu ya ndama ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilipoinua macho alikuwa bado amesimama, mikono nyuma, anasubiri nimruhusu akae.